Kengele Upande wa Pili wa Gurudumu

Mume wangu Salumu, mtani wangu uliyeshindikana,

Shikamoo sikupi. Hukuwahi kunizidi kwa lolote isipokuwa urefu wa miguu na kelele za kukoroma, na sasa kwa kuwa umelala huko chini huna la kunifanya, nitasema yote.

Nakuandikia nikiwa ndani, juu ya mkeka, katika eda. Mwalimu wa msikitini amesema nitulie nisitoke. Mama mkubwa naye amenitundikia rozari shingoni na kusema nisali. Basi natulia na ninasali, wote wawili wameridhika, na muda unaobaki ni mwingi mno. Ndiyo maana nimekumbuka kwamba masista wa misheni walinifundisha kuandika, kazi ambayo wewe uliicheka ukisema Mluguru akishika kalamu atalimia.

Tatizo langu unalijua. Mimi ni mjane wako, natakiwa nilie. Lakini mimi ni Mluguru na wewe ni Mnyamwezi, yaani ni watani, na mtani msibani ana kazi yake. Alitakiwa mtu aje alale kwenye kitanda chako na kudai hatoki mpaka apewe kuku. Alitakiwa mtu asimame katikati ya watu aseme marehemu alikuwa mlafi, anamaliza mboga kabla ya ugali. Mtu huyo ni mimi, kuliko wote waliokuwapo. Nikafungua mdomo, Mama mkubwa akanifinya paja. Akasema kwa meno, "Mjane hatanii." Nikalia kama nilivyoagizwa. Utani wako mwingi ukabaki kooni, na leo ninautoa.

Unakumbuka tulivyoonana? Nilikuwa nimeshuka kutoka mlimani na kikapu cha njegere na mayai, nimekaa karibu na stesheni ya Morogoro nikisubiri wanunuzi. Ukatokea na miguu yako ile. Hukusalimu. Ukauliza kabila langu, nikakujibu, ukachota njegere zangu mkono mzima ukaenda zako unatafuna. Nikakufuata, nikakuvua kofia mbele za watu, nikaikalia. Ulirudi mara kadhaa siku ile kuja kuomba kofia, na kila ukirudi nilikuwa bado nimeikalia. Jioni ukasema basi ikae, imepata kazi nzuri kuliko iliyokuwa nayo kichwani. Mimi nilijua pale pale kwamba nimeharibikiwa.

Ulikuwa mpagazi tangu ujana wako, umebeba mizigo ya watu kutoka kwenu Unyamwezi hadi pwani. Treni ya Wadachi ilipofika ikakunyang'anya mabega yako. Ukawa unazurura mjini mpaka akakuokota yule Mdachi wa ulanga, yule tuliyemwita Bwana Papasi.

Bwana Papasi alizunguka huku na huko akinunua ulanga, yale mawe ya kung'aa yanayobanduka kama karatasi, kwa wachimbaji, Mikese, Ngerengere na chini ya milima. Alikuwa haogopi chui wala nyoka. Aliogopa papasi tu. Alisikia kwamba wanakaa kwenye vumbi la sakafu za nyumba zetu, wanamuuma mtu usingizini na kumpa homa inayokwenda na kurudi, basi akaapa hatalala chini ya paa la mtu yeyote katika nchi hii. Akachukua motokaa yake ya kubebea mizigo, akajenga juu yake nyumba ya mbao. Ilikuwa na paa la bati, dirisha lenye pazia, kitanda, meza iliyopigiliwa misumari na rafu ya vikombe vya kwao vyenye maua. Watu walitoka mashambani kuja kuangalia nyumba inayotembea. Wewe kazi yako ilikuwa kuzungusha chuma cha mbele mpaka injini iamke, halafu kurukia ngazi ya nyuma na kuangalia magurudumu. Ulivyoringa, yarabi. Ungedhani umelizaa.

Mwanzo lilikwenda vizuri. Halafu gurudumu la mbele likagonga jiwe kule Ngerengere, ukingo wake ukapasuka, na fundi chuma mmoja wa mjini akalitia kiraka. Kiraka gani kile, Salumu. Bati nene la chuma na bolti zake, lingeweza kufunga mlango wa boma. Fundi alilisifu mwenyewe akasema hapo hapapasuki tena. Kweli hapakupasuka tena. Lakini tangu siku ile nyumba ikashikwa na kutetemeka.

Wala haikuwa mitikisiko ya mashimo, hiyo tuliizoea. Gari likienda polepole lilikuwa limetulia. Likipata barabara nzuri ya tambarare, Bwana akilikimbiza kidogo, ndipo lilipoanza: mlio mdogo, kisha usukani unacheza mikononi, kisha nyumba nzima inatetemeka kama mtu mwenye homa ya baridi. Vikombe vya maua vilishuka kimoja kimoja. Bwana alishika usukani huku mashavu yanacheza, na wewe nyuma uking'ang'ania ngazi ukizungumza kwa vipande vipande. Nilikuuliza siku moja nikiwa juu kama unanipenda, ukajibu "nna-na-na-na," na hata leo sijui ulikuwa unataka kusema nini.

Ulipokuja kuniposa ndipo mambo yalipokuwa magumu. Mama mkubwa, dada yake marehemu mama yangu, aliyenilea, alisema hapana. Alikuwa analima kabichi na viazi vya mapadri, analala na kuamka kwa kengele ya misheni, na hakuona sababu ya mwanawe kuolewa na mtu wa msikitini asiye na shamba, anayelala chini ya gari la Mdachi na hirizi mkononi. Hakukuita jina lako. Alikuita yule wa magurudumu. Lakini kwetu neno la mwisho ni la mjomba, na Mjomba alikuwa amehamia Kihonda kulima mahindi, basi ukamwomba Bwana Papasi amlete Mjomba kwa gari aje azungumze na Mama mkubwa. Ulitaka kumheshimu. Ulimheshimu kwa kumtetemesha kutoka Kihonda hadi mjini, ugoro wake wote ukamwagika kwenye kitanda cha Bwana, na alipotaka kulalamika akajiuma ulimi.

Alishuka amekasirika, lakini unamjua Mjomba, hasira yake huwa ina kicheko nyuma. Alikaa, akapewa maji, akatuangalia sote. Kisha akatoa hukumu. Alisema hampi binti mtu anayeishi ndani ya mtetemeko, kwa sababu watoto watazaliwa wakitetemeka. Dada zangu wa Mikese watapika pombe ya mtama. Wewe utapakia chungu kimoja, kimejaa mpaka mdomoni, ndani ya nyumba hiyo hiyo, mpaka Kihonda, na gari lisitambae bali likimbie. Pombe ikifika haijamwagika, binti ni wako. Ikimwagika, urudi Unyamwezi ukatafute mke asiyejali.

Mama mkubwa alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile.

Safari ya kwanza usinikumbushe. Au acha nikukumbushe, maana ndiyo kazi yangu. Ulikipakata chungu miguuni, wewe usiyeonja pombe tangu kuzaliwa, na mlipofika tambarare gari likaanza homa yake. Ulifika Kihonda chungu kiko nusu na nusu nyingine umeivaa. Nzi walikupokea kabla ya Mjomba. Mwalimu wa msikitini alikuona jioni ile unapita, akakunusa, akageuza njia. Mjomba alichungulia ndani ya chungu, akachungulia na kanzu yako, akasema jumla haijapungua, ila sharti lilikuwa chungu. Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikaingia ndani nikalia, kwa sababu Mama mkubwa alikuwa ameshaanza kunitajia mtu wa Mgeta mwenye mashamba ya njegere.

Mjomba akakupa nafasi moja zaidi, pombe nyingine ikikomaa.

Hapo ndipo ulipoleta akili zako za upagazi. Ulisema unajua kinachotetemesha. Ulisema mtu akibeba mzega, mti begani na mzigo kila ncha, ncha moja ikizidi uzito anayumba, basi dawa ni kufunga jiwe kwenye ncha nyepesi. Gari nalo lina mabega, ukasema, kulia na kushoto, na gurudumu moja limezidi lingine. Mimi nilikuamini. Bwana Papasi naye alikuamini, maana alikuwa amebakiwa na kikombe kimoja. Mkayang'oa magurudumu, mkayatundika kwenye gogo nene, gurudumu ncha hii na gurudumu ncha ile, na nyinyi wawili mkaweka mabega katikati. Jua linawaka, Mdachi amevua koti, uso umekuwa wa nyanya, na wewe unamwelekeza ainue bega kidogo, Bwana, kidogo tu. Watu wa sokoni waliacha biashara. Mkafunga mawe kwenye gurudumu jepesi, yote mahali pamoja kama mzigo wa mpagazi, mpaka gogo likalala sawa kabisa. Mkashangilia. Mkayarudisha.

Gari lilitetemeka mara mbili ya zamani. Sasa gurudumu la kulia lilikuwa na kiraka na la kushoto lilikuwa na furushi la mawe, na kila moja linapiga kwa wakati wake. Paa la bati lilifunguka upande mmoja. Bwana Papasi alisema maneno ya Kidachi ambayo mapadri hawakunifundisha.

Mawe mkayafungua. Kisha, kwa sababu mtu akiumwa anapakwa dawa panapouma, ulichukua hirizi yako mwenyewe, ile ya ngozi uliyopewa pwani ikakulinda njia zote, ukaifunga kwa waya pale pale kwenye kiraka. Gurudumu limejeruhiwa hapo, ukasema, na dawa ikae hapo. Mkalijaribu gari. Halikupona. Ukaniambia usiku wa manane huwa unaliota.

Na sasa sikiliza, maana hili nililiona mimi, wewe ulikuwa umekwenda kuchota maji. Mama mkubwa alikuja na kabichi za Bwana. Alikuwa amesikia kwamba mimi nitapanda ndani ya nyumba ile kukilinda chungu. Akaliangalia gurudumu, akaiona hirizi, akatema mate pembeni. Akafungua fundo la kanga yake akatoa kile kipande cha kengele. Unakijua. Kengele ya kwanza ya misheni ilipopasuka, mapadri waliwagawia wazee wa kanisa vipande, na chake alikitunza ndani ya kanga mchana kutwa, kizito mpaka kilimfanya atembee ameinama upande. Akasema yule wa magurudumu akifa ni shauri lake, lakini mwanawe hapandi kitu kisichobarikiwa. Akaomba waya. Nikamwonyesha pa kufunga, karibu na hirizi, penye nafasi. Akaniangalia kama nimemtukana. Kengele ya kanisa ikae bega kwa bega na hirizi? Akalizunguka gurudumu, akaenda mbali na hirizi kadiri gurudumu lilivyoruhusu, yaani upande wa pili kabisa, akakifunga huko kwa mafundo ya mtu anayefunga mbuzi mkorofi.

Mlipoondoka kwenda Mikese jioni ile mimi nilikuwa ndani ya gari. Tukafika tambarare, Bwana akakimbiza, nikashika meza nikingojea. Nikangoja. Kikombe cha mwisho kilikuwa rafuni kimekaa tu. Nikasikia sauti yako kule nyuma, neno zima bila vipande, unauliza, "Bwana, gari limekufa?"

Halikuwa limekufa. Lilikuwa linakimbia.

Ulivyoruka chini lilipochelewa kusimama, Salumu, nusura uvunjike shingo kabla ya ndoa. Mkaweka magogo chini, mkalinyanyua gurudumu likaning'inia, ukalizungusha kwa mkono. Zamani ukilizungusha kiraka kilikuwa kinashuka chini kila mara, na wewe uliona ni kiraka kinaona haya. Sasa liliponyamaza lilisimama popote lilipotaka, ila lilipenda kidogo upande wa kengele. Ukakaa chini kwenye vumbi ukashika kichwa. Ukasema mzega si gari. Mzega ni gurudumu lenyewe, kila moja peke yake, lina ncha huku na ncha huku. Ukaongeza msumari mmoja upande wa hirizi, ukazungusha, ukauhamisha, ukazungusha, mpaka gurudumu halikupendelea mtu. Yaliyobaki nayo ukayafanyia hivyo hivyo, Bwana akishika taa na kuitikia kila neno lako, ingawa alikuwa haelewi Kinyamwezi na wewe ulikuwa umesahau kwamba unasema Kinyamwezi.

Siku ya chungu nilikaa nacho mle ndani. Kilijazwa mpaka pombe ikavimba mdomoni. Mama mkubwa alisisitiza naye apande, ashuhudie mwenyewe, akaketi kwenye kitanda cha Mdachi ameshika rozari na macho kwenye chungu. Nilijua anasali. Sikujua anasali imwagike au isimwagike. Tambarare ilipofika Bwana akalikimbiza gari. Pombe ilizunguka kidogo mdomoni mwa chungu, ikatulia, ikazunguka, ikatulia. Kihonda ilipotokea nikaanza kulia, na Mama mkubwa akaniambia ninyamaze nisije nikaijaza zaidi.

Mjomba alipanda, akachungulia, akapitisha kidole nje ya chungu kutafuta unyevu. Akakiangalia kidole chake. Akauliza kama tuliongezea njiani, na Mama mkubwa, ambaye hajawahi kusema uongo kwa faida ya mtu yeyote, akasema kwa uchungu mkubwa kwamba hapana. Basi Mjomba akachota kata ya kwanza, na kwa haraka ya kunywa mkono wake mwenyewe ukatetemeka akaimwaga yote kifuani. Akasema, "Mchukue. Gari limenishinda adabu."

Tukaoana. Mwalimu alinuna, padri akanuna, tukala wali. Bwana Papasi alitupa kile kikombe cha mwisho.

Lakini Mama mkubwa hakukukubali, na hili uliondoka nalo moyoni, najua. Miaka yote ile ulikwenda kumsaidia kubeba kabichi, ukamjengea banda la mbuzi, na bado uliitwa yule wa magurudumu. Kila mtu akisimulia habari ya chungu yeye alikatiza kusema ilikuwa kengele, hirizi haikufanya kitu. Ukamjibu kwa upole wako unaoudhi kwamba bila kimoja kingine kingeharibu. Akakasirika, akadai kipande chake. Siku Bwana Papasi alipouza nyumba yake na kurudi pwani, uliifungua hirizi yako, ukakifungua na kipande, ukakisafisha kwa majivu, ukampelekea kwa mikono miwili. Akakipokea bila asante, akakirudisha kwenye fundo lake la kanga. Wewe ulirudi nyumbani. Uliniambia labda mwakani atakuita jina.

Mwakani haikufika. Ukaja kuugua homa, ikakuacha, ikakurudia, ikakuacha, ikakurudia. Papasi, Salumu. Wewe uliyemcheka Bwana hadharani kwa kuwaogopa, ukaigiza anavyopanda kitandani kwa kuruka. Nimekasirika sana. Sijui nimkasirikie nani, maana papasi hasikii na wewe husikii. Ningekuchonga nyumba ya magurudumu kwa kisu cha jikoni kama ningejua.

Sasa nikwambie walivyokuchukua, kwa sababu ulikuwepo lakini hukuangalia. Mimi nilisimama mlangoni, ndani, kama ilivyopasa. Waliokubeba mbele walikuwa shemeji zako wawili, ambao unajua ni wafupi. Nyuma akaingia yule jirani yetu mrefu na mwenzake wa urefu wa kawaida. Jeneza likanyanyuka, likaanza kutembea, na Salumu, lilikuwa linatetemeka. Kila hatua ya yule mrefu ilikurusha upande. Nikavumilia. Nikauma kanga. Mama mkubwa alinishika mkono tayari kwa kufinya. Lakini miaka mingi ya kukusikia unazungusha magurudumu ilinishinda, nikapaza sauti mbele ya msiba wote:

"Nyuma kulia pamezidi. Mbadilisheni huyo mrefu."

Watu wakasimama. Mwalimu akasimama. Mjomba, aliyekuwa mbele na fimbo yake, akageuka polepole, akawaangalia wabebaji, akasema mjane ana haki, gurudumu halijakaa sawa. Kikazuka kicheko, kwanza cha Wanyamwezi wenzako, kisha cha Waluguru wote, watu wazima wanacheka na machozi yanawashuka, na yule mrefu akabadilishwa. Jeneza likatulia. Ndiyo, hapo nilikutania. Mtani wako hukumkosa.

Mama mkubwa hakunifinya. Aliuachia mkono wangu. Akatoka nje, akapita katikati ya wanaume pasipopasa mwanamke kupita, huku ameinama upande wake ule. Akamshika Mjomba kanzu. Mimi nilisikia, kila mtu alisikia. Akauliza, "Salumu mmemwekea hirizi yake?" Jina lako, Salumu. Mjomba akajibu kwamba mimi mjane nimeitoa, ipo, atawekewa upande wa kulia. Mama mkubwa akafungua fundo la kanga. Kipande kilikuwa kimeng'arishwa kwa majivu, sijui lini.

"Hii mwekeeni upande wa pili," akasema. "Asije akatetemeka huko."

Mwalimu wa msikitini akageuka kuiangalia milima, akaiangalia kwa muda mrefu sana, mpaka Mjomba alipomaliza kukifunga kipande ndani ya mkeka. Jioni Mama mkubwa alirudi kukaa nami. Anatembea wima siku hizi, na anasema mgongo unamuuma.

Kitanda chetu kimelalia upande wangu. Nimeweka gunia la mtama upande wako, linatosha uzito lakini halikoromi, na ninaamka kulitafuta. Kofia yako bado ninayo. Nimeikalia sasa hivi ninapoandika, na safari hii sina haraka ya kuirudisha, njoo uiombe ukiweza.

Lala sawa, mume wangu, wala usiegemee upande wa kengele ukamwudhi Mama mkubwa.

Mimi mkeo niliyelia, na mtani wako niliyecheka.